Uzi Mweusi: Nani Aliyeamua Kwamba Huu Ni Upagani?

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike alimpeleka mwanawe wa miezi minne kliniki kupimwa uzito. Mtoto alikuwa na uzi mweusi mkononi, ambao mama yetu aliusokota kwa kiganja juu ya paja lake, kisha akaufunga fundo huku akinong'ona maneno ambayo hajawahi kutufundisha. Muuguzi aliuona uzi, akachukua mkasi, akaukata na kuutupa katika ndoo ya taka. "Mama, upagani huu tuuache," alisema, bila ukali wowote, kama mtu anayemtoa mwenzake jani lililonasa kwenye nguo. Mdogo wangu hakujibu. Jioni alinipigia simu, na wala hakulalamikia uzi. Aliuliza: "Kaka, wewe unafundisha historia. Upagani ni nini hasa?"

Nilimjibu ovyo ovyo, nikasingizia kazi. Lau muuguzi angesema kwamba uzi unaweza kuubana mkono wa mtoto anayenenepa, nisingekuwa na ugomvi naye. Hiyo ni hoja ya afya. Lakini yeye alitumia neno la historia, na mtu akitumia neno la historia, mwalimu wa historia hana ruhusa ya kunyamaza. Makala haya ni jibu nililomnyima mdogo wangu usiku ule.

Neno lenyewe tumelipokea kwa wamisionari, nao walilirithi kutoka Kilatini. Pagus ilikuwa wilaya ya mashambani, na paganus alikuwa mtu wa huko. Katika karne ya 4 Wakristo wa dola ya Roma walianza kulitumia kwa kila mtu asiyekuwa Mkristo wala Myahudi. Wataalamu hubishana kama walikusudia "mwanakijiji" au "raia asiye askari wa Kristo", na ubishi huo sitauingilia. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba hakukuwa na mtu aliyejiita hivyo. Lilikuwa jina la kupewa, kama vile "mshenzi" lilivyokuwa jina la kupewa katika pwani yetu. Mwanamke aliyeweka uvumba mbele ya sanamu ya nyumbani kwake alijua jina la mungu wake na jina la mama yake. Kwamba yeye ni "mpagani" alikuja kuelezwa na wengine.

Sasa tuje kwenye uzi, maana hapo ndipo historia hii ilipo nene kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, ameandika kwamba katika mashamba mengi ya Italia kulikuwa na sheria ya vijijini iliyowakataza wanawake kutembea njiani huku wakisokota uzi, au hata kubeba kijiti cha kusokotea bila kukifunika, kwa kuwa jambo hilo liliaminika kuharibu tumaini la mavuno. Sheria hiyo Pliny anaiita pagana lege, yaani sheria ya watu wa mashamba. Tukio hili huwa nalisimulia darasani kwa sababu linatuharibia hadithi nyepesi. Hofu ya mwanamke mwenye uzi haikuletwa na Kanisa. "Wapagani" wenyewe, kabla hawajapewa jina hilo kwa maana ya dini, walikwisha kuogopa kwamba kile kijiti kinachozunguka mkononi mwa mke wa jirani kinaweza kuzungusha na bahati ya shamba zima.

Kwa nini uzi? Ili kulijibu swali hili yatupasa tukumbuke jambo ambalo viwanda vimetusahaulisha. Kabla ya mashine, kila uzi wa kila nguo, kila tanga na kila sanda ulipita kati ya vidole vya mtu. Kusokota kulijaza saa za wanawake kuliko karibu kazi nyingine yoyote: walisokota wakichunga, wakilea, wakisubiri chungu kichemke. Ni kazi inayoifunga mikono na kuuacha mdomo huru. Haishangazi basi kwamba mdomo huo uliimba, ukataja majina, ukaomba. Tena ni kazi yenye ajabu yake: unashika pamba au sufu isiyo na umbo, na baada ya muda unacho kitu kirefu, chenye nguvu, kinachoweza kufunga, kupima na kukatwa. Wagiriki walipotaka kueleza uhai wa binadamu walisema kwamba Clotho anausokota uzi, Lachesis anaupima, na Atropos anaukata. Hiyo ni falsafa iliyotoka jikoni, wala haikuanzia katika chuo chochote.

Pale Athens kazi hii ilikuwa ibada ya taifa. Kwa ajili ya sikukuu kuu ya Panathenaia, wanawake waliochaguliwa walimfumia mungu wa kike Athena vazi lenye picha za vita vya miungu dhidi ya majitu, nalo lilipelekwa kwa maandamano hadi kilimani Acropolis. Kitanda cha mfumi, mtande, mshindio na sala vilikuwa kitu kimoja, mji mzima ukishuhudia na wakubwa wa serikali wakiwa mstari wa mbele. Hakuna aliyewacheka wanawake wale.

Kisha dola ikabadili dini, na uzi ukabadilika kuwa kosa. Tarehe 8 Novemba 392, mfalme Theodosius alitoa sheria iliyokataza hata ibada za ndani ya nyumba: moto kwa miungu walinzi, divai, uvumba. Katika orodha hiyo kimo kitendo kimoja kidogo sana, nacho ni kuufunga mti kwa utepe, zile tepe zilizozoeleka kusokotwa kwa sufu. Adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa nyumba au shamba ambamo kosa lilitendeka. Natamani watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu waisome sheria hiyo kama watunga sheria wanavyosoma. Himaya iliyotawala kutoka Uingereza hadi Misri iliona haja ya kuandika, katika hati yenye muhuri, kwamba mwanakijiji asifunge utepe kwenye mti. Sheria haikatazi kitu ambacho hakuna anayekifanya.

Nayo haikufaulu. Karibu miaka 180 baadaye, Martin, askofu wa Braga katika nchi inayoitwa leo Ureno, aliandika waraka wa kuwarekebisha watu wa mashambani, na miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba wanawake wakifuma bado wanalitaja jina la Minerva, ambaye ndiye Athena wa Warumi. Katika karne ya 7, mahubiri yanayohusishwa na askofu Eligius wa Noyon, kaskazini mwa Ufaransa, yanarudia lalamiko lile lile. Mwanzoni mwa karne ya 11 Burchard, askofu wa Worms huko Ujerumani, alikusanya maswali ambayo padri amuulize mwenye kutubu. Mojawapo lahusu mambo ambayo wanawake hufanya katika kazi zao za sufu: wanapoanza kufuma, hutia maneno ili nyuzi za mtande na za mshindio zichanganyike kwa namna ambayo, wasipoongeza maneno mengine ya kuzifungua, kazi yote itaharibika. Kitubio chake kilikuwa siku 30 za mkate na maji.

Siku 30! Kwa mwanamke mkulima hiyo ni adhabu inayouma, lakini haikaribii moto uliokuja kuwashwa karne nyingi baadaye katika mauaji ya walioitwa wachawi. Askofu Burchard alikuwa na akili ya mlezi: aliona ujinga wa kurekebishwa. Nasema hivi kwa kuwa baadhi ya wanaharakati wetu hupenda kuisimulia historia ya Ulaya kama ukatili mmoja ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Haikuwa hivyo. Kwa muda mrefu ilikuwa kuvutana kati ya kalamu ya padri na vidole vya mama, na mara nyingi padri mwenyewe alikuwa amevaa soksi zilizofumwa na vidole hivyo.

Mahali pengine jina lilibadilishwa na desturi ikabaki. Mambo ya nyakati ya Warusi yanasimulia kwamba mwaka 980 mtawala Vladimir alisimamisha sanamu kadhaa mjini Kiev, na mungu wa kike pekee kati yao alikuwa Mokosh. Miaka minane baadaye alibatizwa na sanamu zikang'olewa. Lakini katika vijiji vya kaskazini Mokosh aliendelea kutajwa pamoja na kusokota, na kwingineko nafasi yake inaonekana kukaliwa na Mtakatifu Paraskeva, ambaye wanawake walimheshimu kwa kutosokota siku ya Ijumaa. Ni nani anayeweza kuniambia siku hasa ambayo upagani ulikoma na Ukristo ukaanza katika kijiti kile?

Msomaji Mwislamu atanikumbusha, na ana haki, kwamba shuku juu ya mafundo haikuwa ya Kanisa peke yake. Sura ya Al-Falaq, ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua kwa moyo, inafundisha kuomba kinga dhidi ya wanaopuliza katika mafundo. Na katika Biblia, nabii Ezekieli, sura ya 13, anawakemea wanawake wanaoshona vitambaa vya uganga vya kufungwa mikononi. Hapa pana jambo la haki kabisa: fundo laweza kufungwa kwa nia ya kumdhuru mtu, na jamii ina sababu ya kulichukia. Lakini angalia kwamba kinachokemewa ni nia. Muuguzi wetu hakuwa na njia ya kuijua nia ya mama yangu, wala hakuuliza.

Sasa naruka karne kadhaa, kwa sababu kinachofuata ndicho kinachotugusa sisi moja kwa moja.

Mwaka 1878, katika mji wa Wellington, mkoa wa Somerset, Uingereza, nyumba moja kuukuu ilipokuwa ikibomolewa, walikuta darini mafagio, kiti, na kamba iliyopachikwa manyoya ya ndege kila baada ya hatua fupi. Wafanyakazi walisema ni "ngazi ya mchawi". Kamba hiyo ilimfikia Edward Tylor, mwasisi wa anthropolojia ya Kiingereza, ambaye nyumba yake ilikuwa Wellington hiyo hiyo. Mwaka 1887 aliionyesha mbele ya wataalamu wenzake, na baadhi yao wakasimama kumwambia kwamba si uchawi hata kidogo: ni kamba ya kuwatishia paa wakati wa kuwinda. Tylor hakuwa na ushahidi wa kuwapinga. Kamba ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, na fumbo lake halijafumbuliwa.

Namtaja Tylor kwa makusudi. Kitabu chake cha mwaka 1871, Primitive Culture, ndicho kilichowapa watawala na wamisionari ngazi ya ustaarabu, ambayo sisi tuliwekwa kwenye vipandio vya chini na Uingereza juu kabisa. Na wakati huo huo kamba yenye manyoya ilikuwa imelala darini katika mji wake mwenyewe.

Watu waliokuja kuihuisha kamba hiyo hawakungoja fumbo lifumbuliwe. Mwaka 1951 Bunge la London liliifuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735, na mwaka 1954 Gerald Gardner, ofisa mstaafu wa forodha aliyefanya kazi Malaya, alichapisha kitabu akidai kwamba dini ya kale ya wachawi haikufa na kwamba yeye ameingizwa ndani yake. Wanahistoria, na Ronald Hutton akiwa mbele yao, wameonyesha kwamba madai ya mnyororo usiokatika tangu zama za kale hayasimami. Dini hii, Wicca, ni ya karne ya 20. Kamba na mafundo yamo katika ibada zake tangu mwanzo, na wafuasi wa baadaye walianza kutengeneza "ngazi" za nyuzi, manyoya na shanga, wakitamka ombi kwa kila fundo. Leo wapo wanaofuma kwa sindano au kwa kroshia huku wakichagua rangi ya uzi kwa kusudi, wakianza kazi mwezi ukiwa mchanga, wakihesabu vitanzi kwa 3, 7 au 9, na kufunga fundo la mwisho kwa jina la mgonjwa au mtoto atakayevaa.

Je, ni bandia kwa sababu ni mpya? Mwanafunzi mmoja aliuliza hivyo katika semina, tena kwa kejeli. Nilimwuliza kwaya ya kanisani kwao ilianza lini kutumia kinanda cha umeme.

Tuachane na kejeli, kwani uzi huu ulikuja kufanya kazi ambayo wanaharakati wanapaswa kuijua. Tarehe 17 Novemba 1980, wanawake wapatao 2,000 waliizunguka Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani. Waliomboleza mbele ya mawe ya kaburi waliyoyasimika majanini, wakapaza hasira yao, wakashikana kulizunguka jengo, na mwishowe wakaanza kuifunga milango kwa kuifumia nyuzi za sufu. Polisi walizikata. Wanawake walifuma tena. Zaidi ya 100 walikamatwa. Mwaka uliofuata wanawake wengine walitembea kutoka Cardiff hadi Greenham Common, Uingereza, kupinga makombora 96 ya nyuklia ya Marekani, na wakapiga kambi iliyodumu hadi mwaka 2000. Tarehe 12 Desemba 1982 wanawake 30,000 waliuzunguka uzio wa kituo kile, wakauning'iniza picha, nguo za watoto wachanga na nyuzi. Utando wa buibui uliofumwa kwa sufu ukawa nembo yao. Wengi wao hawakuwa wapagani: walikuwamo Wakristo, wajamaa, na wasio na dini. Lakini lugha ya utando na ya kusokota ilikuwa imeivishwa na wale waliokuwa wakiutafuta upya uungu wa kike, kama Starhawk wa San Francisco, ambaye kitabu chake The Spiral Dance kilitoka mwaka 1979.

Mwanafunzi mwingine, mwanaharakati hodari, hapo alinikata kauli: "Mwalimu, basi unatetea ushirikina?" Nilimwambia kwamba namtetea mtu asihukumiwe kwa neno lisilochunguzwa, nikamtaka ayaweke mambo mawili sambamba.

La kwanza. Mwaka 1998, huko Connecticut, Marekani, wanawake wawili waliokuwa wamehitimu mafunzo katika seminari moja ya Kikristo walianzisha huduma ya shali za sala: unafuma shali huku ukimwombea atakayeivaa, kila kitanzi kikiwa na dua yake. Makanisa mengi yaliipokea kwa furaha. Ukiiondoa anwani ya sala, mikono inafanya kile kile ambacho askofu Burchard alikitoza siku 30, na ambacho mama yangu alikifanya juu ya paja lake.

La pili ni letu. Uingereza ilitunga sheria za uchawi Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928. Baada ya kuifuta yake mwaka 1951, na Gardner akiwa huru kuchapisha vitabu, utawala huo huo uliitungia Uganda sheria ya uchawi mwaka 1957. Miaka 6 tu ilikuwa imepita. Sidai kwamba sheria hizi hazina sababu. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa kushukiwa uchawi tu, na anayemwaga damu kwa jina la uganga hastahili huruma yangu. Lakini katika Sheria ya Uchawi ya Tanzania, kuwa na "kifaa cha uchawi" ni kosa, na mwenye kuamua kifaa ni kipi mara nyingi ni ofisa aliyelelewa shule ile ile niliyolelewa mimi, ambako hirizi, tambiko, sumu na mauaji viliwekwa katika kapu moja lenye jina moja. Mzungu wa Somerset akining'iniza kamba yenye manyoya, ana dini inayolindwa na sheria na makumbusho ya kumwekea. Ajuza wa Shinyanga mwenye macho mekundu ya moshi hana hata mojawapo.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa uani, akisokota. Nilimwuliza, kwa adabu niliyopaswa kuwa nayo miaka 30 iliyopita, anasema nini anapofunga fundo. Alinitazama kama aliyekuwa akilisubiri swali hilo na kukata tamaa.

"Nataja jina lake," alisema. "Mara saba. Ili likimponyoka, apate mahali pa kulikuta."

Uzi mpya hajamvisha mkononi. Ameupitisha ndani ya pindo la sweta, ambalo mtoto alifumiwa na mwanakwaya mwenzake mama, na pindo amelishona vizuri, huoni kitu. Kliniki ijayo ni tarehe 14.